Kompyuta Isiyovuma

Studio ile ilikuwa ndani ya stoo ya magodoro, na magodoro yenyewe ndiyo yalikuwa kuta zake. Mbele kulikuwa na duka la mama mkwe wa mwenye studio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Magodoro. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo. Na katika kona ya mwisho ya stoo, mkwewe alikuwa amejipatia nafasi ya meza, kiti, maiki, spika mbili na kompyuta. Magodoro yalisimamishwa pande zote, yakanyonya kelele hata mtu akipiga makofi mle ndani, sauti inakufa palepale. Wanamuziki waliokuja kurekodi walitazama huku na huku wakasema, "Hii studio imejengwa kitaalamu." Prodyuza, kama walivyomwita, alitabasamu tu. Hakuwaambia kwamba kuta zile zinauzwa.

Tabu ilikuwa mwisho wa mwezi. Watu wakishapata mishahara wanakumbuka migongo yao, na mama mkwe anauza. Asubuhi unaondoka ukuta wa kushoto, mchana unaondoka nusu ya ukuta wa mlangoni. Kuna mwimbaji mmoja wa nyimbo za mapenzi aliyerekodi beti katikati ya mwezi, akarudi kurekodi kiitikio watu wakiwa wameshalipwa. Kwenye beti unamsikia kama anakunong'oneza sikioni; kwenye kiitikio, kama ametumbukia kisimani anaomba kamba. Prodyuza alimwambia huo ni ubunifu, na mwimbaji akaufurahia sana.

Kuta, basi, alikuwa amezizoea. Kilichomshinda ni kompyuta. Aliinunua kwa mhasibu mmoja aliyekuwa anastaafu, na ilionekana nayo ilitaka kustaafu siku ileile. Ukiifungulia wimbo wenye sauti nyingi, feni yake inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, na mvumo wote huo unaingia kwenye maiki.

Wa kwanza kulalamika walikuwa mafundi cherehani watano wa jengo la jirani, ambao walikuwa na kikundi chao cha kuimba. Walikuja kusikiliza wimbo wao wa kwanza, na kiongozi wao, bwana mmoja mnene ambaye hakuvua futi ya kupimia shingoni hata akiimba, akainua kidole.

"Prodyuza, hii mvua umeiweka wewe?"

"Mvua gani?"

"Hii inayonyesha tangu mwanzo wa wimbo."

"Aa, hiyo. Hayo ni... mazingira."

"Wimbo unahusu kiangazi," fundi akasema.

Wakakubaliana kurekodi upya. Siku ya kurudia, kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kwenye ile sehemu ambapo fundi mwembamba kuliko wote, mwenye sauti ya juu, anashikilia noti moja huku wenzake wanapokezana chini yake. Akaivuta. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Prodyuza akaingia chini ya meza kupapasa nyaya, akabonyeza hiki, akachomoa kile. Alipoibuka, yule fundi alikuwa bado anashikilia noti ileile, mishipa ya shingo imetuna, macho yamemtoka pima, anangoja ishara.

"Unaweza kushusha," Prodyuza akamwambia.

Fundi akashusha, akajishikiza kwenye godoro la karibu. "Imeingia?" aliuliza akihema.

"Haikuingia."

Mchana huo jambo lile lililetwa mezani, wakati wa chakula. Hapa inafaa mjue kwamba Prodyuza, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mama mkwe, hakuwahi kumwambia neno "hapana" tangu aoe. Akitaka kumpinga alisema "labda". Na likiwa jambo zito, alilisema kwa mkewe, mama mkwe akiwa amekaa palepale, kisha mkewe akalirudia. Mkewe alikuwa muuguzi, ametoka zamu, na kazi hii ya ukalimani hakuipenda hata kidogo.

"Mwambie mama," Prodyuza akaanza, "kompyuta ya studio si kama ya kuandikia barua. Inatakiwa iwe na prosesa yenye nguvu, memori kubwa, diski ya kasi, na feni isiyopiga kelele."

"Mama, anasema inatakiwa iwe na nguvu, iwe na kumbukumbu, iwe chapuchapu, na isiwe na kelele."

"Mimi nilitafuta mume wa namna hiyo nikamkosa," mama mkwe akasema, akajiongezea mchuzi. Akala kwanza. Halafu akasema, "Nusu nitatoa mimi. Lakini dukani tunakwenda wote. Huyu baba hajui kununua. Vile viatu vyake, alitajiwa bei akajibu 'asante'."

Prodyuza akatazama sahani yake. Ilikuwa kweli alijibu "asante".

Kesho yake wakaenda. Duka la kompyuta lilikuwa na milango ya kioo, baridi ya kiyoyozi, na muuzaji aliyevaa tai fupi iliyoishia juu ya kitovu. Prodyuza alikuwa amebeba begi lake: hedifoni, maiki, kile kiboksi cha kuunganishia maiki, na flashi yenye wimbo wa mafundi, ule wa kiangazi, uliokuwa na sauti zote tano, ngoma, gitaa na vinanda, kila kimoja na njia yake. Nia yake ilikuwa kuibebesha kila kompyuta wimbo huo na kuona ipi itaanguka. Alikuwa ameshampigia muuzaji simu, na muuzaji akakubali kuweka programu ya kurekodi kwenye kompyuta tatu za kujaribia.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, na vitufe vyake viliwaka rangi: nyekundu, kijani, zambarau, zinakimbizana.

"Hii ni ya wacheza magemu," muuzaji akasema kwa mbwembwe. "Ina nguvu za kutisha. Hakuna wimbo utakaoishinda."

"Inapendeza," mama mkwe akasema. "Hata umeme ukikatika utaona pa kupita."

Prodyuza akafungua wimbo. Kweli, ulifunguka kufumba na kufumbua. Mafundi wakaimba mstari wa kwanza, wa pili, na kabla hawajamaliza wa tatu, ubavuni mwa kompyuta ile ukatoka upepo wa moto, na mngurumo kama ndege inayojiandaa kuruka. Karatasi ya bei ikapeperuka ikaangukia chini ya kaunta.

"Feni zake ni mbili," muuzaji akaeleza kwa fahari, akiinama kuiokota.

"Mama," Prodyuza akasema, "labda hii tuiache."

Ya pili ilikuwa nyembamba kama trei, rangi ya fedha. Hiyo ilikuwa kimya, kwa sababu haikuwa na feni kabisa. Mama mkwe akaiwekea kiganja katikati ya vitufe, akasukuma taratibu kwa uzito wa mwili wote, kama anavyofanya kwa godoro jipya. Muuzaji akatoa mguno.

"Mama, tafadhali! Hiyo haibonyezwi hivyo."

"Nataka kujua kama inarudi."

Ikarudi. Lakini Prodyuza alipoizungusha kutafuta pa kuchomeka kiboksi chake, aliona tundu moja tu. Akazungusha tena, akidhani ameruka upande.

"Maiki nitachomeka wapi?"

"Hapo."

"Na chaja?"

"Hapohapo."

"Na flashi?"

Muuzaji akakohoa. "Kuna kikebe kidogo kinauzwa pembeni chenye matundu mengi. Unakichomeka hapo, halafu vingine vyote unavichomeka kwenye hicho kikebe."

"Kwa hiyo nyumba tunanunua leo, na milango tunanunua kesho," mama mkwe akasema. Ikaondolewa.

Ya tatu muuzaji aliileta bila maneno mengi, maana hakuwa na hamu nayo. Ilikuwa ya kijivu, nene, imeshatumika kidogo na kufanyiwa matengenezo, na mfuniko wake ulikuwa na alama ya stika iliyobanduliwa. Matundu yalikuwa tele pande zote mbili. Prodyuza akachomeka kila alichokuja nacho, akafungua wimbo. Mafundi wakaimba. Akaongeza mwangwi juu ya sauti ya kwanza, akaongeza juu ya ya pili, akarundika juu ya gitaa kila alichojua. Wimbo ukaenda bila kukwama. Akavua hedifoni, akainama, akaweka sikio juu ya vitufe kama mkewe anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Kimya. Akatega maiki yake karibu kabisa, akarekodi, akasikiliza. Kitu pekee kilichosikika kilikuwa pumzi zake mwenyewe.

Akainuka na uso umeng'aa kama wa mtu aliyeambiwa amepata mapacha.

Mama mkwe akamvuta pembeni kwa mkono wa shati. "Ficha hayo meno," alimnong'oneza kwa ukali. "Umeshatuongezea bei!"

Kisha akarudi kaunta, akaiangalia ile kompyuta kwa huruma, akataja bei yake. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba muuzaji alidhani anasema ya begi.

"Mama, bei zetu hazipungui. Zinatoka kwenye mfumo."

"Huo mfumo hauna mama yake?"

"Hauna, mama."

"Basi kwaheri." Akachukua mkoba wake, akatoka. Prodyuza akabaki ameshika waya wa maiki, akitazama mlango, kisha kompyuta, kisha mlango. "Mkwe!" ikaita sauti kutoka nje. Akakusanya vitu vyake, akafuata.

Wakasimama mbele ya duka la miwani la jirani. Mama mkwe akajifanya anaangalia fremu.

"Usigeuke nyuma," akasema. "Sasa hivi anatoka mbio kutuita."

"Ndiyo, mama."

Wakangoja. Jua lilikuwa linawapiga utosini. Mwenye duka la miwani akatoka akawauliza kama wanataka kupimwa macho, mama mkwe akamwambia wanaona vizuri tu, wanapumzika. Yule wa kuja mbio hakuja.

"Mama, labda ametusahau."

"Hajasahau. Anajikaza tu. Kwenye magodoro mimi mteja nikimwona amefika pale kwenye nguzo, namwita. Naye hawezi kutuacha tufike kwenye nguzo yake."

"Tumeshaipita nguzo, mama."

Mama mkwe akaitazama nguzo. Ilikuwa nyuma yao. Taratibu, bila kugeuza kichwa chote, akachungulia kwenye kioo cha duka la kompyuta, na hapo akaacha kujifanya. Pale kaunta palikuwa na bwana mmoja mrefu, mkono mmoja kiunoni, na mkono wa pili ameshika ile kompyuta ya kijivu.

Prodyuza alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona mama mkwe wake akikimbia, na hata siku hiyo hakumwona, maana alipogeuka, mama alikuwa ameshafika ndani.

"Hiyo ina wenyewe!" sauti yake ikajaa duka zima.

Yule bwana akashtuka, na mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu kwa nguvu, kama anafunga breki. Ikajulikana baadaye kwamba alikuwa mwalimu wa udereva. Miaka mingi ya kukaa kushoto kwa wanaojifunza ilikuwa imeuzoesha mguu ule kutafuta breki kila aliposhtuka, popote pale, hata kitandani.

"Walitoka, mama," muuzaji akasema, na sasa ndiye aliyeficha meno. "Walioondoka wameondoka. Bwana huyu anataka kulipia."

"Bwana, unataka kufanyia nini?" Prodyuza akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

"Kuwaonyesha wanafunzi alama za barabarani."

"Alama za barabarani!" Prodyuza karibu alie. "Mwalimu, hata simu inaonyesha alama za barabarani. Hii inaweza kubeba kwaya nzima!"

"Sasa ikibeba kwaya haionyeshi alama?"

Lakini mama mkwe hakuwa anasikiliza mazungumzo. Alikuwa anaangalia ule mkono wa kiunoni, na jinsi mwalimu alivyosimama kwa kuegemea upande mmoja.

"Mgongo?" akauliza, na sauti yake ikawa laini ghafla.

Mwalimu akageuka. "Mama, usiniulize. Asubuhi nainuka kwa awamu."

"Unalalia nini?"

"Sponji. La siku nyingi."

"La siku nyingi," mama mkwe akarudia kwa masikitiko, kama ametajiwa msiba. Akamshika kiwiko, akamvuta kwenye kiti, na mle ndani ya duka la kompyuta, mbele ya muuzaji mwenye tai fupi, akamfundisha mwalimu wa udereva habari za uti wa mgongo. Alipomaliza, mwalimu alikuwa ameahidiwa godoro gumu la springi kwa bei ambayo mama mkwe hajawahi kumpa hata ndugu yake, na ile kompyuta ya kijivu ilikuwa mikononi mwa Prodyuza. Mwalimu alichukua nyingine ndogo ya bei nafuu, ya kutosha alama zake zote. Muuzaji akawa ameuza mbili. Bei ya ile ya kijivu haikupungua hata kidogo, ila mama mkwe alikataa kutoka mpaka apewe na begi, akapewa.

Waliondoka kwa gari la mwalimu, lile lenye herufi ya wanaojifunza juu ya paa, kwa sababu mwalimu alitaka godoro siku hiyohiyo. Prodyuza alikaa nyuma, kompyuta mapajani, ameikumbatia.

Mwalimu alijaribu magodoro yote ya dukani. Alilala chali, akalala ubavu, akatikisa kichwa. "Hili linanizamisha." "Hili linanirusha." Wakaingia stoo. Akapita kwenye studio, akagonga kila ukuta kwa ngumi, mpaka akafika nyuma ya maiki. Pale palikuwa na godoro moja nene, la kitanda cha watu wawili, ambalo halikuwahi kuuzwa kwa sababu lilikuwa zito mno. Ndilo lililokuwa moyo wa studio. Bila lile, sauti ya mwimbaji ingegonga ukuta wa saruji na kurudi. Walilishusha, mwalimu akajilaza, akafumba macho, akaguna kwa raha.

"Hili," akasema.

"Hapana," Prodyuza akasema.

Mguu wa mwalimu ulikanyaga hewa pale godoroni. Mama mkwe akamgeukia mkwewe, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, mama." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Kompyuta bila hili godoro ni kazi bure. Labda... hapana. Si labda. Hapana."

"Kumbe unalijua neno lenyewe," mama mkwe akasema. Hakukasirika. Alionekana hata kufurahi kidogo. "Vizuri. Sasa shika huko mwisho tumpakilie mwalimu godoro lake. Mimi nikishaahidi nimeahidi."

Likafungwa juu ya paa la gari, likafunika herufi na kila kitu, na mwalimu akaenda zake polepole.

Jioni, Prodyuza aliporudi stoo kupanga kompyuta yake mpya, alikuta nyuma ya maiki kumesimamishwa godoro jingine, kubwa vilevile, lenye shuka bado. Lilikuwa la mama mkwe mwenyewe, kutoka kitandani kwake.

"Ni mpaka mzigo mwingine ufike," mama mkwe akaeleza, akivua lile shuka. "Mtu hawezi kuniambia hapana halafu nikamwacha na ukuta mtupu."

Prodyuza aliguswa, akamsaidia kulikunja. Halafu akauliza, "Na wewe mama utalala wapi?"

"Kwa binti yangu."

"Na mimi?"

Mama mkwe akazungusha mkono kuonyesha stoo nzima. "Baba, hapa penye magodoro yote haya, unauliza?"

Mzigo ulichelewa, kama mizigo inavyochelewa. Prodyuza alilala studio mpaka akazoea, na mkewe akipita kwenda kazini alimgongea ukuta wa sponji bila kutoa mlio wowote.

Mafundi cherehani walirudi. Yule mwembamba akavuta noti yake, safari hii akapewa ishara kwa wakati, na ikaingia yote. Kompyuta ilibeba sauti tano, ngoma, gitaa na vinanda bila kuvuma hata chembe. Tatizo likawa kwamba maiki, kwa kukosa mvumo wa kuifunika, sasa ilisikia kila kitu: mkasi mdogo uliokuwa ukigongana na funguo kwenye mfuko wa kiongozi, tumbo la fundi wa tatu, na mara moja, katikati ya ubeti wa huzuni, mama mkwe huko dukani akimwapia mtu kwamba godoro hili hata tembo akilalia halibonyei. Walirudia mara nyingi. Lakini ulipokamilika, ulikuwa wimbo.

Siku ya kuusikiliza, mkewe alikuwapo, mafundi wote watano walikuwapo, na mama mkwe akaomba naye asikie. Prodyuza akamvisha hedifoni juu ya kilemba, akafungulia.

Mama mkwe alikaa, macho yameganda kwenye ukuta. Kichwa kikaanza kuyumba taratibu. Kisha akamwinamia binti yake, akaziba mdomo kwa kiganja ili wengine wasisikie, na akasema kwa sauti iliyotikisa magodoro:

"MWANANGU, USIMWAMBIE, LAKINI HUYU MUMEO ANA KIPAJI!"

Binti yake akamfanyia ishara ya kushusha. Akadhani anaulizwa zaidi.

"NASEMA ANA KIPAJI! MIMI NILIDHANI ANAJIFICHA TU HUMU ASITUMWE! ULICHAGUA VIZURI KULIKO MAMA YAKO!"

Mafundi wakaangalia chini, mabega yanatikisika. Prodyuza akainama, akaanza kuzungusha kitufe ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote.

Wimbo ulipokwisha, mama mkwe akavua hedifoni, akatengeneza kilemba chake, akamgeukia mkwewe na uso mkavu kabisa.

"Si mbaya," akasema.

"Asante, mama," Prodyuza akajibu, naye kwa uso mkavu vilevile, na kiongozi wa mafundi ikabidi atoke nje, akaenda kuchekea dukani.